Sahani ya Réserve

Mwaka ule watu wa Bunia walikuwa wakisema kuna amani, na waliosema hivyo walisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Bunduki zilikuwa zimenyamaza. Lakini mama Bibiane alikuwa amejifunza zamani kwamba bunduki ikinyamaza, karatasi huanza kusema.

Karatasi ilifika kwake Jumanne asubuhi. Ilikuwa mkononi mwa Fulgence, agent wa kampuni iliyojenga nyumba zao, na mkono wake wa pili ulibeba kopo la rangi nyekundu.

Bibiane alikuwa uani akichambua mchele wa arusi ya Jumamosi. Kazi yake ilikuwa kupikia wenye sherehe. Mjini hakuna aliyesema sherehe. Watu walisema réception, na asiyetaka réception yake imtie aibu alimtafuta mama Bibi. Kwa sufuria zake sita alikuwa ametoka chini ya hema la wakimbizi karibu na uwanja wa ndege, akaingia katika nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu na bati jipya: namba kumi na nne, Cité Beau Réveil, pale juu ambapo mtaa wa Lumumba unaishia. Miaka kumi na moja ya moshi machoni. Siku alipopewa ufunguo aliokota kaa jikoni akaandika ukutani, kama wanavyoandika wote katika mji huu waliowahi kunyang'anywa kitu: NYUMBA HII HAIUZISHWI.

Fulgence akachovya brashi. Juu ya maneno hayo akachora herufi mbili kubwa, T.S., na rangi ikachuruzika mpaka ikafunika nusu ya HAIUZISHWI.

"Monsieur Fulgence! Nani alikuambia nyumba yangu ni ubao ya shule?"

"Taxe spéciale, mama. Ya barabara, ya caniveau, ya maji, ya poto za umeme. Wenye kununua nyumba mpya ndio wanalipa. Kila mwaka, miaka makumi mbili. Weye bado kulipa ya kwanza. Tarehe kumi na saba ikifika bila kulipa, nyumba inauzishwa."

"Caniveau iko wapi?"

Fulgence akaelekeza kwa brashi. Mbele ya mstari wao wa nyumba palikuwa na mtaro uliochimbwa kutoka barabarani, ukafika namba tisa, ukachoka. Ndani yake mbuzi wa jirani alikuwa akila nyasi kwa raha zake.

"Na maji?"

"Robinet si ile pale?"

"Robinet naiona. Niliuliza maji."

Fulgence akacheka, maana alikuwa na meno mazuri na mshahara wa kila mwezi. "Mama Bibi, usinichokeshe. Kazi iliisha, na weye mwenyewe uliipokea. Tuko na karatasi: procès-verbal ya réception. Jina yako ni ya saba."

"Réception gani?"

"Ile ya mwaka jana, ya mbuzi. Si ni weye ulipikaka?"

Mchele ukamponyoka mkononi.

Ndiyo, ni yeye aliyepika. Mbuzi wanne, magunia mawili ya mchele, sombe ya majani ya muhogo sufuria nzima. Kampuni ilileta turubai na viti vya plastiki na muziki. Mkurugenzi wao, Monsieur Jérôme, alikata utepe mbele ya robinet, na siku ile maji yalitoka kwa nguvu, watoto wakapiga kelele. Yalikatika kabla sahani hazijaoshwa. Baadaye Bibiane aliona lori la tangi likiondoka nyuma ya ukuta, akasema moyoni, haya, labda ni la kusaidia. Penye kuingilia palikuwa na meza, na mezani Fulgence huyuhuyu na liste. Unaandika jina, unasaini, unapewa jeton ya karatasi ya buluu. Ukipeleka jeton unapewa bia moja, au fanta kama umeokoka. Watu walisaini huku wakinusa nyama. Bibiane alisaini na mafuta vidoleni. Nani amewahi kusoma kichwa cha karatasi mlangoni mwa karamu?

Kumbe kwa wajenzi neno hilo lina tumbo jingine. Kwao réception si mbuzi wala muziki. Ni siku mwenye nyumba anapoikubali kazi na kusema: imekamilika, nimepokea. Watu wa Beau Réveil walikuwa wamepokea mtaro wa nusu, robinet ya hewa na nguzo zisizo na waya, na wakashiba, na wakacheza.

Neno jeton peke yake lingetosha kumwamsha, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Wakati wa vita, katika njia ya kutoka Kilo, kila barrière, kizuizi cha wenye bunduki, ilikuwa na jeton yake. Unatoa pesa, au kuku, au sabuni, unapewa kipande cha katoni chenye alama. Ukifika barrière ya mbele bila hicho, unalipa tena au unapigwa. Bibiane alipita barrière tatu akiwa amembeba mama yake mgongoni. Kwenye ya tatu hawakuwa na kitu tena, wakachukua blanketi la mgonjwa. Vile vipande vitatu bado alikuwa navyo, katika mfuko wa ngozi pamoja na karatasi zake zote. Wakubwa hubadilika Bunia. Jeton haibadiliki.

"Nipe hiyo procès-verbal nifanye kopi," akasema.

"Utafanya nayo nini? Ni Kifaransa."

"Kitu iko na jina yangu ndani, ni yangu."

Fulgence akaenda naye mpaka kibanda cha fotokopi, kwa dharau zaidi kuliko kwa wema. "Chukua, mama. Utafungia kalanga."

Bibiane aliacha shule mwaka wa tano wa msingi. Kifaransa alikiokota kwenye mialiko ya arusi na katika dictionnaire moja isiyo na jalada, iliyopoteza herufi A na B zote ikaanza na neno *cabane*. Alikaa siku mbili na procès-verbal, na kontra ya nyumba, mkataba wa kuinunua, na dictionnaire hiyo, kidole kikitembea mstari kwa mstari kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Katika kontra, article ya tisa, alikuta kitu.

Réception ya mbuzi iliitwa *provisoire*: ya muda. Baada yake wanunuzi walikuwa na miezi kumi na mbili ya kuandika *réserves*, kasoro za kazi isiyokwisha. Wakiziandika, zikasainiwa na wanunuzi wote, na zikaifikia kampuni kabla ya miezi hiyo kwisha, taxe spéciale inasimama mpaka kila kitu kilichoandikwa kitengenezwe. Wakinyamaza, mambo yamekwisha: wamepokea kwa milele, na taxe ni ya miaka ishirini.

Neno réserve hakuhitaji kulitafuta. Katika kila karamu yeye hufunika sahani kadhaa kwa kitambaa na kuziweka kando kwa ajili ya aliyechelewa. Hizo ndizo réserves. Na mwenye kupika hasemi chakula kimekwisha mpaka réserve imetoka. Bibiane alicheka peke yake, kicheko kibaya. Alikuwa amewapikia watu mtego kwa sufuria zake mwenyewe. Basi kwa sufuria hizohizo angewatoa.

Miezi kumi na mbili ingeisha tarehe kumi na saba. Zilikuwa zimebaki siku saba.

Alianza kwa Denise, jirani wa namba kumi na tano, mshonaji, mtu wa Djugu kama yeye. Ukuta wa Denise nao ulikuwa na T.S.

"Mama Bibi, mi naogopa," akasema Denise bila kuachia cherehani. "Batu ya juu waliisha kulipa. Fulgence alisema wote kumi na tano. Sasa siye peke yetu tukikataa, watasemaje? Batu ya Djugu banaanza tena fujo. Unajua namna inaanzaka."

Bibiane alijua. Cité ilikuwa na mistari miwili ya nyumba. Mstari wa chini ulikuwa wa watu waliotoka Djugu na kupitia mahema. Mstari wa juu ulikuwa wa watu wa upande wa Bogoro, wenye ng'ombe, au waliokuwa na ng'ombe. Hakuna aliyepanga hivyo. Kila mmoja alinunua karibu na aliyemjua. Kati yao ilipita njia ya hatua nane, na katika hatua nane hizo watu walisema bonjour, wakaishia hapo. Hawakuwa wakigombana tena kama wakati wa vita. Walikuwa hawaulizani kitu.

"Nani alikuambia walilipa? Uliwauliza?"

Denise akamtazama kama aliyeambiwa aende mwezini. "Niwaulize mimi?"

Siku iliyofuata Bibiane akavuka hatua nane zile. Alikwenda moja kwa moja namba ishirini na nane, kwa muzee Étienne, ambaye mstari wa juu haukukohoa bila yeye. Alimkuta mbele ya mlango akinoa panga. Mzee huyo alikuwa na ng'ombe mia na kumi kabla ya vita. Sasa alikuwa na wanne, Bogoro, kwa mtoto wa dada yake.

"Bonjour, papa Étienne."

"Bonjour, mama ya masufuria." Hakutoa kiti.

"Nimekuya kuuliza neno moja tu. Siku ya ile réception, weye hukukuya."

"Sikukuya. Mi sikulaka chakula ya mukono sijui."

Alisema bila kupunguza makali, na Bibiane hakuyakwepa.

"Mukono unaujua, papa. Ndiyo sababu hukukuya. Mi nilijua. Sahani yako nilibakisha, ikakaa mpaka jua inashuka."

Panga likasimama juu ya jiwe. "Juu ya nini uliibakisha?"

"Si juu ya mapenzi. Jina yako ilikuwa kwa liste, na mwenye kupika anahesabu vichwa. Sasa jibu: mulilipa ile taxe?"

"Siye?" Mzee akainua kichwa. "Siye hapana. Ni nyie mulilipa. Fulgence alikuya hapa, akasema: batu ya chini ni wakimbizi, hawana kitu, na waliisha kulipa wote, nyie wenye ng'ombe hamusikii haya?"

"Siye alituambia nyie muliisha."

Wakatazamana. Kisha muzee Étienne akaanza kucheka, kwanza puani, halafu kifuani, mpaka kikohozi kikamshika akaweka panga chini.

"Kumbe!" akasema akijifuta macho. "Kumbe ule kijana ni barrière yenye kutembea na miguu."

"Ndiyo, papa. Na inavunjwa na majina makumi tatu. Bila ya kwako article ya tisa haifanyi kazi." Akamsomea karatasi, neno kwa neno, na alipofika kwenye réserves akamweleza habari ya sahani chini ya kitambaa. Étienne alisikiliza kama anavyosikiliza mtu aliyewahi kuuziwa ng'ombe mgonjwa.

"Na nikisaini pamoja na nyie," akasema mwishoni, "halafu vita inarudia? Jina yangu itabaki hapo, kando ya ya nani?"

"Vita ikirudia, papa, caniveau itakuwa bado kwa namba tisa. Saini."

Akatazama njia, mtaro, mbuzi. Kisha akaingia ndani, na aliporudi alikuwa na kalamu mkono mmoja na kiti mkono mwingine.

Kazi ya majina ilikula siku nne. Kuna aliyetaka kusomewa mara tatu. Kuna mwalimu wa namba ishirini na mbili, Lucien, aliyesema hayo ni mambo ya politique. Étienne akamwuliza kama robinet yake inatoa politique au maji, na mwalimu akasaini. Kuna mama aliyelia, akisema mara ya mwisho alipoandika jina kwenye liste, liste ile ilitumika kuwatafuta watu nyumba kwa nyumba. Huyo Bibiane hakumsukuma. Alikaa naye, akamenya naye viazi mpaka vikaisha, akamwachia karatasi. Asubuhi ilirudi imesainiwa.

Ilibaki kuifikisha. Denise alisema waipeleke bureau ya kampuni. Bibiane akakataa.

"Kule mulinzi ataipokea, ataitupa. Mi najua bureau. Directeur atakuya hapa mwenyewe, na cachet, muhuri yake, mukononi."

"Atakuya juu ya nini?"

"Juu ya mbuzi."

Mwaliko uliandikwa kwa mwandiko mzuri wa mwalimu Lucien: wakaaji wa Cité Beau Réveil wana heshima ya kumwalika Monsieur Jérôme kwenye réception, tarehe kumi na sita, saa tisa ya mchana, na wanamwomba aje na cachet, kwa kuwa wanataka kunyoosha mambo ya taxe. Hakukuwa na uwongo hata neno moja.

Alikuja. Viatu vyake viling'aa. Fulgence alikuja nyuma yake na begi, akitabasamu kwa kila ukuta aliouchora. Turubai lilikuwa limesimamishwa katikati ya njia, juu ya hatua zile nane, na watu wa mistari yote miwili walikuwa wamekaa wamechanganyika, jambo ambalo Fulgence aliliona mara moja, na tabasamu likapungua kidogo. Mezani zilipangwa sufuria sita, vifuniko juu.

"Ah, mama Bibi!" akasema mkurugenzi. "Mbuzi yako ya mwaka jana, hata leo naikumbuka."

"Hata siye tunaikumbuka, Directeur. Karibu unawe mikono."

Denise akampeleka kwenye robinet na taulo begani. Monsieur Jérôme akakunja mikono ya shati, akafungua. Robinet ikakohoa, ikatoa upepo, ikatoa mende mmoja, ikanyamaza. Mkurugenzi akabaki na mikono hewani.

"Labda ni coupure, maji ilikatika kidogo," akasema Fulgence.

"Ni coupure," akaitikia muzee Étienne kutoka kitini. "Ina miezi kumi na mbili."

Kicheko kikapita chini ya turubai, juu kwenda chini na chini kwenda juu. Bibiane akafunua sufuria moja baada ya nyingine. Zilikuwa safi, kavu, zimesuguliwa kwa majivu mpaka zinaonyesha uso wa mtu.

"Tungependa kupika, Directeur. Lakini mchele unaomba maji."

Kisha akamwekea karatasi mbele. Kurasa mbili. Caniveau inayoishia namba tisa. Robinet. Nguzo kumi zilizofungwa mbuzi mahali pa waya. Barabara ambayo mvua ya kwanza iliichukua. Chini yake majina thelathini.

Monsieur Jérôme akasoma mistari mitatu, akaisukuma. "Hii sisaini. Hii ni fujo. Nani aliwatuma?"

"Hakuna mwenye kukuomba ukubali," akasema Bibiane, na sauti yake ilikuwa ya upole, ile ya kumwuliza mgeni kama aongezewe mchuzi. "Angalia kwa chini. *Accusé de réception.* Ni kusema tu karatasi ilikufikia. Bureau yote wanafanyaka vile."

Accusé huanza na A. Halikuwemo katika dictionnaire yake, wala hakuwa na haja. Akafungua mfuko wa ngozi, akatoa fungu lililofungwa kwa kamba ya gunia: barua za nyumba ya mama yake iliyochomwa, za shamba, za kaburi lililofunikwa na kambi. Barua arobaini na moja, kwa bureau arobaini na moja, na kila moja ilikuwa na muhuri pembeni: accusé de réception. Zaidi ya muhuri hakuwahi kujibiwa kitu. Miaka yote hiyo walimpokea.

"Ongeza na ya kwako," akasema. "Tuende zetu."

Mkurugenzi akaliona fungu lile, akaelewa jinsi watu wa bureau wanavyoelewa. Ni mama mmoja wa karatasi. Kila mji unaye. Unampigia muhuri, anaondoka, unapumua. Macho ya watu wa nyumba thelathini yalikuwa juu yake, jua lilikuwa kali, na mbuzi hakuwapo. Akanyoosha mkono, Fulgence akampa cachet. Akaipiga. Akaandika tarehe. Akasaini.

Bibiane akaichukua kopi yake kwa vidole viwili, akaipuliza wino ukauke, akampa muzee Étienne, ambaye aliikunja na kuiingiza ndani ya shati. Halafu Bibiane akatoa mfukoni kipande cha karatasi ya buluu, kilichobaki tangu mwaka jana, akamwekea mkurugenzi kiganjani.

"Umesaini. Chukua jeton yako."

Fulgence ndiye aliyefahamu kwanza. Alikuwa amefungua kontra begini, kidole kwenye article ya tisa, na midomo yake ikitembea bila sauti. "Directeur," akasema. "Inasema... *notifiées avant*, zikitufikia mbele ya... Directeur, leo ni tarehe ngapi?"

"Kumi na sita," wakajibu watu wengi kwa pamoja.

Monsieur Jérôme akaitazama jeton, akaitazama cachet. Alipoinuka kiti cha plastiki kilianguka nyuma yake. "Weye mama," akasema, "utaona."

"Niliisha kuona, Directeur. Ndiyo maana najua kusoma."

Gari lao likaondoka polepole, kwa sababu barabara haikuruhusu haraka.

Maji hayakuja siku ile, wala wiki ile, na Bibiane hakumwambia mtu kwamba yatakuja. Hakufuta rangi ya ukuta wake pia. Aliokota kaa, na mbele ya T.S. akaandika: IMESIMAMISHWA, ARTICLE 9, MPAKA CANIVEAU IFIKE. Chini ya hapo akaandika tena, kwa herufi kubwa kuliko za kwanza, HAIUZISHWI.

Alikuwa bado na vumbi la makaa mikononi aliposikia mlio wa baiskeli. Ilikuwa ya muzee Étienne, anaisukuma mwenyewe, bidoni mbili za maji zimefungwa nyuma. Akazishusha karibu na mafiga, akahema.

"Ile sahani yangu," akasema, akiangalia pembeni. "Ya mwaka jana. Bado iko?"

"Réserve haitupwaki, papa."

"Basi pika."

Bibiane akasukumiza kuni, akamimina maji, na moto ulipokolea akafuta meza, akaweka juu yake daftari ambalo tangu jana lilikuwa na majina ya watakaolinda kopi kwa zamu, wiki nyumba ya chini, wiki nyumba ya juu. Étienne akaona daftari, akaona kalamu, akachukua kalamu.

"Hapana!" Bibiane akampiga mkono kwa mwiko. "Soma kwanza kichwa ya karatasi. Ndiyo usaini. Ndiyo ukule."